Khanga ya Kujitanda Melini

Mjukuu wangu Zaina,

Marahaba. Hapa Matombo tu wazima, ila roho yangu haitulii tangu useme unapanda meli.

Umeniuliza ujitande nini kwenye karamu za jioni, pashmina au khanga. Usichanani mwangu nilishuka mjini harusini na gauni jeupe la kuazima, nikajitanda khanga mpya, haijafuliwa. Joto la Morogoro likanitoa jasho, rangi ikahamia kwenye gauni. Nikaishikilia khanga ile mpaka watu wakatawanyika. Sikucheza hata wimbo mmoja.

Pashmina itakuchemsha. Nakutumia khanga kwa basi. Nimeifua mara saba, maji yanatoka meupe, na bado natamani niifue tena. Ikikuteleza begani, mama, iache ianguke, ucheze.

Bibi yako