Miguu ya Otama

Dada Fusae,

Shikamoo dada. Magoti yanasemaje na theluji ya huko Sapporo? Mimi mzima, meno pungufu ila mdomo uko palepale. Vitunguu vimekubali mwaka huu. Nimekutumia boksi, vile vidogo ni vya shemeji.

Najua Yasuhei wa kundi letu la wanasesere keshakupigia simu. Usimsikilize. Hiyo habari kila mtu hapa kisiwani Awaji anaisimulia upogo. Wengine eti tuligombania padi ya kuchezea gemu, wengine eti nilisinzia. Tulikuwa wanne mle ndani kwa Gonpei, na mwenye akili ni mimi peke yangu, kwa hiyo pokea kwangu.

Mzee Gonpei alipopata kiharusi, mkono wa kushoto ulikufa. Binti yake Chizuru akamletea gemu ya kwenye tivii, anyooshe vidole vilivyobaki. Dada, mji gani ule! Mvua haikatiki, taa za rangi mpaka kwenye madimbwi, watu wana mikono ya chuma na nyaya kichwani. Unamwendesha msichana mmoja mwizi. Tukamwita Otama.

Watu wengine gemu huicheza kila mtu peke yake. Lakini sisi jukwaani mwanasesere mmoja tunamshika watu watatu, mmoja kichwa, mmoja mkono, mmoja miguu, maisha yote, ya nini kubadilisha? Padi ikawekwa katikati. Kijiti cha kulia kinageuza kichwa: hicho cha Gonpei, bwana mkubwa wa kundi. Vitufe vya kuruka na kudaka, Yasuhei. Kijiti cha kushoto ni miguu, na miguu ni mimi, tangu sina ndevu. Na tangu sina ndevu Gonpei hajanisifu hata siku moja.

Waliotengeneza gemu hiyo wanajua rangi, miguu hawaijui. Ukigusa kijiti kidogo tu, msichana anachomoka kama kakanyaga kaa la moto. Nikamfundisha kunyata kwa ncha ya dole gumba. Chizuru mwenyewe alikiri Otama anatembea kama mtoto wa watu.

Sasa huyo Chizuru alitaka baba ahamie kwake Kobe. Kila wiki anavuka daraja kwa basi, anapika, anafua, anarudi kazini. Gonpei akagoma. Akaapa mbele ya kundi zima kwamba Otama akifa atafungasha, na akifika mwisho akiwa hai, Kobe isitajwe tena. Na tulichagua ule mchezo mgumu: akifa kafa, hakuna kurudia. Gonpei akiondoka, mimi nimshikie nani miguu?

Jumamosi mchana tukafika kwenye paa la mwisho. Bomba jembamba kati ya maghorofa mawili, upepo unamsukuma Otama, vindege vya chuma vinamtafuta kwa taa. Tumekaa nyonga kwa nyonga, maana bwana mkubwa hasemi, anaagiza kwa nyonga. Akisukuma, hatua. Akikaza, simama. Yasuhei anafoka pumzi kama birika. Hatua. Taa ikapita kisogoni mwa Otama. Hatua nyingine.

Katikati ya bomba Gonpei akatazama nyuma. Nikatazama na mimi. Chizuru kasinzia amekaa, kitambaa cha vyombo begani, sahani ya baba yake bado mkononi. Gonpei akarudisha macho kwenye tivii.

"Twende, Iso," Yasuhei akanong'ona. "Taa inarudi."

Nyonga ya Gonpei ikakaza.

"Iso, miguu. We mzee, miguu."

Nyonga bado imekaza, ngumu kama jiwe. Nikasimama. Taa ikamkuta Otama palepale, risasi zikaja, akaenda chini, mbali sana, mpaka akawa kama punje ya mchele.

Yasuhei alinitukana mpaka babu zetu wote. Chizuru akazinduka. Gonpei akaachia kijiti, akanigeukia na kusema, "Umetembea vizuri." Kisha akamwambia binti atafute sanduku, ahadi ni ahadi.

Ndiyo hivyo dada. Miguu haikuteleza, ilitii. Aliyeapa mbele za watu hawezi kusema nimebadili mawazo. Lazima mwingine aonekane kaanguka. Yasuhei usimwambie, atatangaza mpaka Osaka. Acha waseme nilisinzia.

Gonpei keshahamia. Padi kaniachia mimi. Funika magoti, na shemeji asibague vitunguu.

Mdogo wako,
Isokichi, miguu bora ya Awaji

Mahali pamoja tu nimetia chumvi, unanijua. Gonpei hakusema nimetembea vizuri. Alisema chai imepoa.