Kitambaa cha Moto Kichwani

Mdogo wangu Furaha,

Bwana asifiwe. Mguu wako umepona? Mimi niko salama hapa Kampala, ila jana nilikaribia kuvunja uchumba wa Neema wangu. Mama wa mchumba wake alitaka kunipima, akatualika mtaa wa Kabalagala, kwenye mkahawa wa vyakula vya Kijapani vilivyochanganywa na vya Kizungu.

Kwanza tukaletewa vitambaa vyeupe vyenye mvuke. Nami nilikuwa nimesahau kilemba! Nikasema moyoni, kumbe Wajapani wanamcha Mungu hivi. Nikajifunika kichwa, nikaanza kuombea chakula. Neema akanikanyaga. Mhudumu akanong'ona kwa heshima, "Nyabo, hicho ni cha kufuta mikono."

Maji yalinitiririka shingoni. Yule mama wa mchumba akanitazama, kisha akajitwika kitambaa chake. "Endelea, Mama Neema. Hapa hakuna aliyewahi kuniombea."

Ndipo chakula kikaja: sahani pana kama beseni, vipande vitatu vya samaki mbichi juu ya jibini. Yule mama akaninong'oneza, "Ongeza maombi."

Ndoa ameikubali. Siku ya harusi tutapika matoke wenyewe. Mungu akutunze, nijibu upesi.

Dada yako, Mama Neema