Mlango kwa Mlango na Mama Mkwe

Baba, shikamoo. Nimeketi chini, jiko limezimika, na hasira zangu bado mbichi. Nakuambia wewe, maana hapa kila mtu ananiambia ninyamaze.

Nyumba yetu ya udongo haipo tena. Tangu ututoke, Serikali imevunja mtaa wote wa ufukweni hapa Liuli, eti tunakaa ovyo, tunaleta maradhi. Wametujengea nyumba za matofali na bati, mistari miwili, milango inatazamana, na kati yake kinjia chembamba. Karani wa nyumba, mtu wa mbali, akaona atutendee hisani: akampa Mama nyumba inayotazamana na yangu. Yangu mimi na mume wangu! Mtu na mama mkwe wake, Baba, mlango kwa mlango.

Wewe unajua. Kwa mila yetu mtu na mama mkwe wake hawaonani, na miaka yote ya ndoa yangu Benedikto hakuwahi kumtazama Mama usoni. Akisikia kikohozi chake njiani, anaingia kwenye mihogo mpaka apite. Ulikuwa unamcheka, ukisema iko siku adabu hiyo itamkutanisha na nyoka.

Basi Benedikto akauziba mlango wetu kwa matofali, akatoboa mwingine nyuma. Mama akahamia kwa amani. Wiki haijaisha, Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, akaja kukagua na askari wake. Kuona ukuta mahali pa mlango, uso ukamwiva. Nyumba ni mali ya Serikali, akasema. Azibue sasa hivi, la sivyo sote tutoke, na Mama pia, kabla jua halijazama. Benedikto akasimama na sururu yake, hapigi. Askari wakamsogelea. Tungekwenda wapi, Baba? Kwetu ni kifusi.

Mama akatoka. Akavuka kinjia mbele ya watu wote, akamshika Benedikto mkono, akamtazama usoni.

"Zibua, mwanangu," akasema. "Kuanzia leo nakuona."

Benedikto akalia. Mtu mzima, mbele ya askari. Kisha akazibua.

Nyumba tumebaki nazo, lakini Mama hajala tangu jana. Anasema amekuvunjia heshima mbele ya wageni. Sivyo, Baba! Kama unaweza kumjia ndotoni, mwambie sivyo.

Haya, pumzika. Leo asubuhi wapimaji wamepigilia vigingi kuelekea makaburini. Wakifika kwako watanikuta nimeketi pembeni yako, jembe mkononi.