Sitajuta Kukuambia Unyamaze

Mpendwa mume wangu, Papa Ombeni,

Jumamosi iliyopita nilisimamishwa katika ukumbi wa parokia, mbele ya wachumba wanaojiandaa kwa ndoa, ili niseme kwamba najuta. Hakuna aliyelitamka neno hilo waziwazi. Mama anayeongoza kikundi cha kuwaandaa aliniambia tu, kwa upole: "Mama Ombeni, uwaelezee namna mutu anaweza kosana na bwana yake sababu ya kitu kidogo, halafu Mungu anamukamata ule bwana, na ile makelele yake anabakia anaitafuta." Nikamjibu nitakuja. Nilikwenda. Lakini sikusema alichotaka, na kabla watu hawajasambaza mambo kwa namna yao, nimeona nikuandikie mwenyewe, wazi, hata wengine wasome.

Unakumbuka ilivyoanza. Miaka yote tuliishi vizuri, kwa sababu Jumatatu mpaka Ijumaa wewe ulikuwa kwenye ofisi ya depo yenu na mimi nilikuwa na nyumba. Kazi yangu unaijua, ila watakaosoma hawaijui: watafiti wananitumia sauti za wamama wa Kabare na Walungu waliohojiwa kwa Mashi, lugha yetu, nami navaa ekuteri masikioni, nasikiliza, naandika kwa Kifaransa. Wale wamama hawapazi sauti. Wengine wanaongea kama wamekaa kando ya mgonjwa. Neno likinipita, narudisha nyuma, nasikiliza tena.

Halafu mji ukaharibika kwa vita, ofisi yenu ikafungwa, na ukaingia na kompyuta kwapani ukitabasamu: "Na miye sasa nafanya kazi ya nyumbani." Nilifurahi, usifikiri sikufurahi. Nilikaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Kwa hofu iliyokuwa mjini, kukuona mchana kweupe ukiwa mzima kwenye kiti chako kulinitosha kumshukuru Mungu.

Jumatano yake nilitamani kurudi kwa mama yangu, kule Katana.

Ulianza na koo. Kila asubuhi ulilisafisha kama mtu anayejiandaa kuhutubia, halafu huhutubii. Vikafuata vidole: uliandika kwa vidole viwili, kwa nguvu za mtu anayetwanga sombe kinuni. Kwenye mikutano ya simu uliongea kana kwamba wenzako wako kisiwani Idjwi na wewe umesimama ng'ambo hii unawaita kwa mdomo mtupu. Na mkutano ukiisha uliimba besi ya kwaya. Besi peke yake, Papa Ombeni! Wimbo una sauti nne, nyumba yangu ikapata ile ya chini, mm-mm-mm, haina maneno, haina mwisho.

Na chai. Uliivuta kwenye ukingo wa kikombe kwa mluzi mrefu, ukameza, ukasema "Aaah," ukaivuta tena.

Nilikuambia kwa utani, ukacheka. Nilikuambia kwa upole, ukatulia kidogo, koo likarudi. Nilihamisha meza yangu jikoni, moshi wa makaa ukanitoa machozi. Nikampigia mama. Akanijibu: "Vumilia, mutoto yangu. Mwanaume wa makelele ni ule iko mu nyumba." Maneno mazuri. Lakini mimi pia nilikuwa ndani ya nyumba, na hakuna aliyeniuliza kama nasikia kazi yangu.

Siku ile tuliyokosana mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Nilikuwa namsikiliza mama mmoja akielezea walivyokimbia, na mama yake mzazi hakuweza kutembea. Alipofika pale sauti ilishuka, akaanza kulia, akasema kitu kifupi katikati ya kilio. Nikarudisha. Nikarudisha tena. Kila nikifika pale, kilichoingia masikioni mwangu kilikuwa ule mluzi wa chai, na "Aaah" yako.

Nilitoa ekuteri, nikaiweka mezani.

"Papa Ombeni. Mama wa watu iko analia mu masikio yangu, na miye niko nasikia chai yako."

"Mutu asikunywe chai mu nyumba yake?"

"Akunywe. Lakini anyamaze. Kama hawezi nyamaza, aende kunywa kwengine. Miye siwezi tena."

Ombeni, binti yetu, alikuwa anapiga pasi. Aliacha pasi hewani. Katika miaka yetu yote hakuwahi kunisikia nikikuambia "anyamaze". Ulinitazama kama mgeni aliyeonyeshwa mlango, ukachukua kikombe chako, ukatoka.

Siku mbili ulizungumza nami kupitia mtoto. "Mwambie mama yako chumvi imeisha." Niko pale, nimeshika mwiko. Sikubembeleza. Niliumia, lakini sikubembeleza, kwa sababu nilichokuambia kilikuwa kweli.

Kisha nikasikia nyundo nyuma ya nyumba. Nikatoka. Ulikuwa juu ya kiti unapigilia bati jipya kwenye paa la barza ya nyuma, ile inayoangalia ziwa, na meza yako tayari umeitoa nje.

"Unanikimbia?" nikauliza.

Ulijibu bila kutoa msumari mdomoni. "Hapana. Niko najenga biro yangu. Kule ndani kila nikitaka kukohoa ninakuangalia kwanza uso. Mutu hawezi tumika vile."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nawe ulikuwa unateseka. Ulikuwa unalibana koo lako siku zote zile kama mtoto anayeficha kikohozi darasani, na mimi nilidhani hujali. Tulicheka mpaka msumari ukakutoka mdomoni.

Ile biro, ofisi yako ya barzani, ilikuwa raha yako, na yeyote aliyekujua wakati huo anaweza kushuhudia. Uliimba besi kwa kifua chote. Jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta, aliyekuwa hajawahi hata kutusalimia, alianza kukuongezea sauti ya kwanza akifua nguo. Mchana tulikutana mezani kama watu waliotoka mitaa tofauti. "Habari ya biro?" unaniuliza. "Iko salama. Habari ya kwako?" Na una habari kweli: mtumbwi uliouona, mzee aliyepita na mbuzi aliyegoma, mwenzako aliyelala kwenye mkutano. Kabla ya hapo tulikaa chumba kimoja kutwa na hatukuwa na la kuambiana. Jioni moja ulinishika mkono ukasema: "Ungelivumilia, tungelichukiana." Ni maneno yako, siyo yangu.

Kisha asubuhi moja ukaanguka ukienda kuoga. Daktari alisema moyo ulikuwa mgonjwa miaka mingi na hukujua. Hukufika jioni.

Kuna jambo sijakuambia bado. Siku ya kumaliza kilio, watu wakiwa wamejaa parseli, uani kwetu, dada yako Nsimire alisimama. Unajua sauti yake. Alisema mbele ya wote, mbele ya Ombeni: "Huyu mwanamuke alimutosha kaka yangu inje ya nyumba yake, akamutupa ku baridi ya barza. Alimunyamazisha. Sasa amenyamaza."

Watu wakaniangalia nilie. Mjane hulia, anaomba msamaha, mambo yanaisha. Lakini Ombeni alikuwa ananitazama, na nikafikiria atajifunza nini kwangu siku hiyo. Nikasimama.

"Tantine Nsimire," nikamwambia, "nilimuambia apunguze makelele ya chai. Sikumuambia akufe. Na hakuwa mu baridi. Alikuwa mu biro yake, aliijenga na mikono yake. Ulikuja kumuona pale mara ngapi?"

Tangu siku ile hanisalimii, hata tukikutana mlango wa kanisa.

Baadaye walikuja mmoja mmoja, kwa wema, na maneno yaleyale. Nyumba si imekuwa kimya sasa? Si unatamani hata ile koo? Najua wanachotafuta. Wanataka niwe mjane wa kufundishia wengine, yule aliyefahamu akiwa amechelewa. Nakataa. Nimekulilia kwa namna ambayo hawataiona. Nakutamani mezani, mchana, unapovuta kiti uniletee habari za ziwa. Natamani mkono wako. Mluzi wa chai sijautamani hata siku moja. Ukifufuka kesho na kikombe chako nitakukumbatia mpaka mbavu ziume, halafu nitakuambia: barzani, Papa Ombeni. Nawe ungecheka, kwa sababu wewe ulinipenda mimi, hukumpenda mwanamke anayejikausha.

Basi Jumamosi nilisimama. Wachumba walikuwa wamekaa wawili wawili kwenye viti vya plastiki. Nyuma kabisa, kati ya wamama wa kikundi, alikuwa Nsimire, mikono imefungwa kifuani. Niliwasimulia chai, besi, nyundo, barza, jinsi nilivyokuambia na jinsi ulivyonijibu. Mama kiongozi akanikatiza: "Lakini leo unajuta, Mama Ombeni?"

"Hapana," nikasema. "Najuta tu sikumuambia wiki ya kwanza. Bwana yangu alikufa akiwa anaimba sauti yake yote, na miye nikiwa ninamupenda. Musiwafundishe hawa watoto kuvumilia kimya. Kimya kile kinaoza."

Nilifikiri watanizomea. Mama kiongozi alikuwa anatafuta wimbo wa kunifunika nao.

Ndipo msichana mmoja wa mstari wa mbele, mwembamba, nywele kasuka vizuri, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, akamgeukia mchumba wake akamwambia kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Patient, acha kutingisha muguu. Tangu tujuane iko inanisumbua."

Yule kijana akaangalia mguu wake kama vile ni wa mtu mwingine. "Na miye," akajibu, "ile simu yako unawekaka ku opaleri mu taksi, watu wote wasikie..."

Ukumbi mzima ukalipuka. Wale wawili walicheka wakashikana mikono, na kila kona wachumba wakaanza kuelezana. Nilitazama nyuma. Dada yako alikuwa ameziba mdomo na kitenge, mabega yanaruka, machozi yanamtoka. Alikuwa anacheka, Papa Ombeni, kile kicheko chenu cha ukoo, cha pua.

Hajanisalimia bado. Lakini alipotoka aliacha mlango wazi nipite.

Lala salama kwa Mungu, mpenzi wangu. Ombeni anakusalimia, na mimi narudi kazini.

Mke wako,
Mama Ombeni
Nyalukemba, Bukavu