Gari la Maarusi la Marehemu Tahiru

Koboko, tarehe 12 Agosti 2024

Kwa Mama Scovia, mshauri wetu wa redioni, Arua

Mpendwa Mama Scovia, naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, naandika kwa furaha, na hiyo furaha ndiyo shida yenyewe, kwa sababu mimi ni mjane, eda yangu imekwisha juzi tu, na Jumamosi gari la marehemu mume wangu limewaka!

Ni Ford ya mwaka 1935, ya kabla ya vita vya Hitler, nyeusi, milango miwili tu, ndani watu wawili wamejaa, paa limeinama nyuma kama mgongo wa kobe, magurudumu yana spoku kama ya baiskeli, na ukifunua buti hupati buti, unapata kiti kingine, nje kabisa, kwenye upepo. Baba mkwe alilinunua kwa Mhindi mmoja mwenye duka, na tangu hapo maarusi wengi wa Kinubi hapa Koboko wamepelekwa kwa waume zao ndani yake, dereva na bibi arusi mbele, shangazi yake nyuma kwenye kile kiti cha nje, ameshika chetezo cha udi, moshi unawafuata barabara nzima. Mimi mwenyewe nilipelekwa hivyo, ila dereva alikuwa Tahiru na bwana arusi alikuwa Tahiru, watu walicheka sana.

Vita vya mwaka 1979 vilipotufukuza kwenda Sudan, Tahiru alifungua kile kifuniko kinachogawa moto kwenye plagi, akaniambia, "Ruqaiya, chukua hii. Bila hii hakuna mutu ataendesha gari yangu." Nilikifunga kiunoni ndani ya nguo, nikakaa nacho ukimbizini kote, na tuliporudi tulilikuta gari limekalia rimu, kuku wanataga ndani, lakini lipo.

Alipougua tulilifunika turubai. Sasa Jalia, binti wa marehemu dada yangu, anaolewa Arua, akanishika mkono, "Mama, mimi iko nataka ile gari. Prado kila mutu iko nayo." Fundi akaja, nikavuta choki mwenyewe kama Tahiru alivyonifundisha, likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena, kisha likanguruma, na kiti kikatoa harufu ya mafuta yake ya nywele, Mama Scovia, nilipiga vigelegele, mimi, na nguo zangu nyeupe za eda bado ziko kwenye kamba!

Shemeji yangu Kamisi alitoka mbio. "Shemeji! Ndugu yangu iko ndani ya udongo, wewe iko napiga vigelegele?"

"Shemeji, gari imewaka."

"Watu itasema nini?"

"Itasema imewaka."

Nilipomwambia nitampeleka Jalia mimi mwenyewe, akakasirika. Anasema mjane kumwendesha bibi arusi ni mkosi, na nikithubutu atalitoa gari kabla ya arusi, amuuzie mzee mmoja wa Kampala anayekusanya magari ya zamani, ambaye alikuja akalipapasa kama ng'ombe wa mahari, akasema ataliweka ndani ya jumba, halitaona vumbi tena. Halitaona vumbi! Leseni ninayo, Tahiru alinilazimisha, ila Koboko hakuna aliyewahi kuniona kwenye usukani. Je, ni kosa kufurahi mapema hivi? Nimwachie Kamisi gari? Mwanangu wa pekee, Muzamili, yuko Juba, sijataka kumsumbua.

Ni mimi, Ruqaiya, mjane wa Tahiru.

MAMA SCOVIA ANAJIBU

Mama Ruqaiya, pole sana kwa Tahiru. Ipokee pole hiyo vizuri, maana sasa nakugombeza.

Ulivuka mpaka na kipande cha gari kiunoni wakati risasi zinalia, leo unamwogopa shemeji? Eda umekaa, umeimaliza. Hakuna aliyekuamuru ulie mpaka gari lioze. Na huo mkosi, shehe ndiye aliyeusema? Hapana, ni Kamisi.

Kosa lako ni moja. Umeniandikia mimi, nisiyejua hata gia, na mwanao hujampigia. Mpigie leo. Marehemu ameacha mke na mtoto wa kiume. Ndugu hana fungu hapo, na hata angekuwa nalo asingeuza peke yake. Mwite shehe, akae na Kamisi, aseme hayo kwa upole, wewe ukinyamaza. Mzee wa Kampala aambiwe kwamba gari bado lina kazi.

Halafu tazama leseni yako isiwe imeisha muda, na fundi apime breki, siyo injini tu. Malori ya mpakani Oraba hayamjui bibi arusi. Lizungushe mjini kwanza, Koboko wakuone, wachoke kushangaa kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu Kamisi, usimnyime heshima. Na yeye amefiwa. Wewe umepata gari la kukaa ndani yake na kunusa mafuta ya nywele. Yeye amebaki na mdomo tu. Kiti kile cha nje kinabeba wawili. Mwambie, "Shemeji, mpeleke binti yetu pamoja nami." Shangazi ashike chetezo, yeye ashike kofia yake isipeperuke. Hataweza kununa kwenye upepo ule.

Mkifika Arua, mpite mbele ya redio yetu. Nitakuwa nimesimama nje. Piga honi moja tu, mama, unikumbuke.