Kanda Yenye Chenga

Mke wangu, Mama Riziki,

Jana tumemaliza arobaini yako. Watu walikuwa wengi, pilau ilitosha, na Amisi alivuka ziwa kutoka Baraka akawahi dua. Nakuandikia kwa sababu yake. Unajua mimi ni mtu wa kueleza jambo tangu mwanzo, nawe ulizoea kunisikiliza huku ukichambua dagaa. Nivumilie na mara hii.

Mwanzo ni ile filamu. Ilikuwa miaka ile watu wa ng'ambo ya ziwa, wakikimbia vita, walipokuwa wakishuka ufukweni Kibirizi na magodoro kichwani. Wewe ulikuwa umetangulia na boti za mwanzo, tukawa tumeshaoana hapa Ujiji, Riziki bado wa mgongoni. Kule Mwanga, nyuma ya soko, palikuwa na banda la video lililozibwa madirisha kwa mablanketi. Jumamosi alasiri Amisi, mtu wa kwenu Baraka, alisimama kando ya televisheni na fimbo yake, akiwatafsiria watu filamu ya Kizungu. Mabanda mengine yalionyesha ngumi. Yeye alikuwa na kanda moja ya zamani, nyeusi na nyeupe tu, mojawapo ya filamu nyingi za mpelelezi yuleyule mwenye kofia pana na koti refu. Mzee tajiri anakutwa amekufa katika chumba chake cha vitabu. Nyumbani mna daktari, mpwa, mjane na mpishi. Mpelelezi anawakusanya wote sebuleni, anafungua kinywa amtaje muuaji, na hapo hapo kanda inaingia chenga, kioo kizima kinakuwa kama mchanga unaochemka. Mwisho haukuwepo. Amisi ndiye aliyekuwa akiutunga.

Nilikwambia tangu siku ya kwanza uliponisimulia kwamba muuaji ni daktari. Nikakueleza na sababu: alidai amefika sasa hivi kwa miguu, kwenye mvua. Koti lake lilikuwa limelowa, lakini kofia ilikuwa kavu. Hadithi ya upelelezi ni kama hesabu, nilisema, jibu limo ndani ya swali.

"Sawa, Mwalimu," ukasema. Jumamosi iliyofuata ukaenda tena.

"Leo nani kaua?" nikakuuliza uliporudi.

"Ah, si wewe unamjua?" Ukaingia jikoni, nikakusikia unacheka peke yako. Kicheko kile sikukijua. Kwangu ulikuwa unatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa ugenini.

Siku moja mvua kubwa ilipiga Mwanga na Ujiji nzima. Ukaniambia unatoka sokoni moja kwa moja. Nikashika ncha ya kanga yako.

"Kanga kavu, Mama Riziki."

Ukalitua kapu. "Sasa Mwalimu, leo daktari ni mimi?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi sikucheka. Watu walikuwa wameanza kusema ng'ambo kumetulia, boti za kurudi ziko karibu, na Amisi alikuwa akijisifu sokoni kwamba atapanda ya kwanza. Niliogopa kwamba siku hiyo utajifunga kanga kiunoni, utambeba Riziki, nawe utapanda. Niliogopa hilo tu, mke wangu. Kanga ilikuwa kisingizio.

Ndipo nikaenda mwenyewe, nikakaa nyuma kabisa. Amisi akaniona.

"Karibu, shemeji!"

Mtu anayekuita shemeji hujui kama anakuheshimu au anaichungulia nyumba yako. Banda lilijaa akina mama wa ng'ambo. Chenga zilipoingia, hakuna aliyenyanyuka. Mama mmoja wa mbele akapaza sauti: "Amisi, na ule muzee?"

"Bamama, musilie," akajibu. "Ule muzee hakukufa. Alijilaza tu, wauaji wapite. Kisha akatoka na mutumbwi. Mutamuona Kibirizi, anauliza njia."

"Ana viatu?"

"Kimoja!"

Banda likalipuka kwa kicheko, nawe katikati, machozi yanakutiririka. Nilijua unamfikiria nani. Mlipokimbia, kaka yako alibaki nyuma, na hakuna aliyewahi kukuonyesha kaburi lake. Ningeweza kukununulia kanga, ningeweza kukufundisha Kiingereza. Alichokupa Amisi sikuwa nacho, na kwa hicho nilimchukia.

Nikamwandikia rafiki yangu wa Dar es Salaam, akanitafutia kanda nzima, akaituma kwa treni. Nikaipeleka bandani kwa mkono wangu. Mpelelezi akafungua kinywa, safari hii akasema, na kidole chake kikamwelekea daktari. Nikageuka nikuone. Ulikuwa unaitazama ile maiti, imefunikwa shuka, haiendi popote. Kisha yule mama wa mbele akageuka.

"Mwalimu, asante. Sasa turudishie ile yenye chenga."

Wote wakaitikia. Nawe ukaitikia.

Boti zikaanza. Amisi akapanda. Ulimsindikiza mpaka Kibirizi, ukarudi, ukawasha moto, ukaniuliza kama nitakula ugali wa muhogo. Sikukuuliza kwa nini umebaki. Mpelelezi mwenye akili haulizi swali ambalo jibu lake analiogopa.

Sasa ya jana. Baada ya dua wanawake walikuwa wanalia, na Riziki wetu, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa analia kuliko wote. Amisi, mvi tupu sasa, akasimama akiegemea fimbo.

"Bamama, musilie. Mama Riziki hakukufa. Alijilaza tu, ugonjwa upite. Wakati nilikuwa nakuja, boti yetu ilipishana na yake katikati ya ziwa. Anarudi Baraka. Akanipungia mukono."

"Ana viatu?" akauliza bibi mmoja kutoka nyuma.

"Kimoja!"

Vilio vikageuka vicheko. Miaka yote ile nilikulinda usivuke naye, na jana amekuvusha mbele ya macho yangu, nimekaa kwenye mkeka, sahani ya pilau mkononi. Nilitaka kusimama niwaeleze ukweli: umelala hapa Ujiji, nilishuka kaburini mwenyewe kukupokea. Ushahidi wote ninao. Lakini Riziki alikuwa anacheka, na kicheko kilikuwa kile chako cha jikoni. Nikatia tonge la pilau kinywani.

Kanda yangu nzima bado imo sandukuni. Hakuna aliyewahi kuiomba tena.

Leo asubuhi nimeshuka ziwani. Milima ya ng'ambo ilikuwa wazi. Ikiwa ni kweli alivyosema, nisubiri palepale ufukweni Baraka. Amisi akikufikia kabla yangu, mpe kiti, mpe maji, maana ametoka safari. Lakini nakuomba, usicheke mpaka nifike.

Mumeo,
ambaye mpaka leo anashikilia kuwa muuaji ni daktari