Mume Wangu Anabugia Vidonge vya Macho vya Wifi

Mshauri wangu, nisaidie kabla sijapasuka. Mume wangu ni fundi mwashi, na daktari wa macho alimwambia pazia la nyuma ya jicho limeanza kuchakaa pale katikati, akamwandikia vidonge vya vitamini na kumwambia arudi upesi akiona mabadiliko yoyote, basi nikashukuru, nikadhani yameisha, kumbe nina wifi! Wifi yangu anauza virutubisho, anavitembeza kwenye begi, akaja sebuleni kwangu akavitazama vile vya hospitali akacheka, “Kaka, hivi ni vya watoto, chukua vyangu vina nguvu ya karoti,” na mume wangu, ambaye mimi nikimwambia avae sweta ananiuliza udaktari nimesomea wapi, akavipokea kwa mikono miwili. Sasa anabugia mara mbili ya ilivyoandikwa, sigara mdomoni, tumbo linamsokota, na mimi nimelazimishwa nimeze eti kujikinga, wakati macho yangu hayana neno. Nikifungua mdomo wifi ananuna, halafu mama mkwe anapiga simu kuuliza binti yake amenikosea nini. Na hasira za huyu bwana siku hizi! Juzi kabomolesha ukuta mzima eti umepinda, ingawa wasaidizi wake walikuwa wameweka pima maji ikaonyesha umenyooka, akasema pima maji ni mbovu, kanunua nyingine, nayo kaitupa. Hata fremu ya mlango wa chumbani anasema imeingia tumbo, imejikunja katikati, nahisi ni vidonge vinamchemsha damu. Niambie tu, vidonge vya wifi ni salama, au nivimwage chooni nigombane na ukoo mzima?

Mke wa Fundi, nimechoka

*

Mke wa Fundi, pole. Sasa nisikilize, maana umenipandisha presha. Umejaza karatasi kwa wifi, wifi, wifi, na jambo lenyewe umelipitia mbio kama mtu anayekwepa mvua.

Ukuta haujapinda. Mlango haujapinda. Mtu mwenye ugonjwa huo akianza kuona mistari iliyonyooka imejikunja, huenda mishipa imeanza kuvuja nyuma ya jicho, na hayo ndiyo mabadiliko aliyoambiwa arudi nayo upesi. Matibabu yapo, mara nyingi ni sindano ya kwenye jicho. Najua, hata mimi nimekunja uso. Lakini yanataka kuwahiwa, kwa sababu uoni ukishapotea hapo mara nyingi haurudi.

Haya, vidonge. Vitamini za aina aliyoandikiwa hupunguza kasi ya ugonjwa kwa baadhi ya wagonjwa, waliofikia hatua fulani, na daktari ndiye anayeijua hatua hiyo. Hazirudishi kuona. Hazimkingi mwenye macho mazima, kwa hiyo wewe acha kumeza leo hii, mbona ulikubali? Hivyo vya karoti, kama vina beta-karotini, mvuta sigara asiviguse kabisa, tafiti zimeonyesha vinaongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji. Kuzidisha dozi ni kulitesa tumbo bure. Na sigara yenyewe inayaharibu macho hayo hayo, ila hilo wifi hakulisema, maana kuacha sigara hakuuzwi kwenye begi.

Usimwage kitu chooni. Mwambie asimeze tena vya dada yake, beba chupa zote mbili pamoja na dawa nyingine yoyote anayotumia, daktari azione. Wifi akinuna, anune. Mama mkwe akipiga simu, mwambie uko kliniki na mwanawe, kama ana la ziada aje foleni.

Na huyo mzee usimfokee. Maisha yake yote amesifiwa kwa kuta zilizonyooka, leo anazibomoa akidhani mikono yake imemsaliti. Anaogopa, dada yangu, ndiyo maana anagombana na kila mtu. Weka gazeti chini, kamfuate kazini sasa hivi, angali anauona uso wako.